Verna Tackett na Timu Iliyotuhama

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, majirani na wote mliopanga viti hapa tangu asubuhi, mimi ni Rhoda, binti mkubwa wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, nami naomba mnivumilie sauti ikipanda, maana nina majonzi lakini nina hasira pia.

Mama yetu, Verna Hrabovsky Tackett, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1941 hapa Marlow Ferry, Ohio, mtoto wa tatu wa mzee Stefan Hrabovsky, mfanyakazi wa kiwanda cha vioo, na Bi. Ludmila. Alipokuwa na miaka sita baba yake alimpeleka uwanjani kuitazama timu yetu ya besiboli, Wapuliza Vioo, ikifungwa kumi na moja bila, na alipolia akitaka kurudi nyumbani, babu alimwambia, "Kaa, mwanangu. Mchezo huu hauna saa. Hata anayefungwa hupewa zamu yake ya kupiga."

Alisoma Shule ya Mtakatifu Cyril, kisha sekondari ya mji, akahitimu Juni 1959, na ingawa alipiga mpira mbali kuliko wavulana wengi, kocha alimwambia akakae na wasichana wenzake. Mwaka huohuo aliajiriwa kiwandani, idara ya ufungashaji, akatumika mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1986.

Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Delbert Tackett, ambaye walikutana uwanjani wakibishana juu ya mchezaji mmoja, Mama akamuuliza, "Wewe huoni, au umelewa?" naye akajibu, "Vyote viwili, dada. Sogea nikae." Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1965 na Neil mwaka 1968, na walikaa pamoja jukwaani, nyuma ya mrushaji mpira wa timu yetu, kila kiangazi, hadi Baba alipofariki mwaka 2004, na baada ya hapo Mama aliendelea kwenda peke yake.

Mwaka 2015 wenye timu, watu ambao hawajawahi kulala hata usiku mmoja katika mji huu, waliihamisha timu kwenda jiji jingine lililowaahidi uwanja mpya, na hawakumwambia mtu yeyote, tukasikia redioni kama tunavyosikia habari za mvua. Tarehe 14 Oktoba baraza la mji liliketi kuamua kubomoa uwanja, Mama akaitwa kusema, akatembea na mkongojo mpaka mbele, na alipofungua tu kinywa mwenyekiti akamwambia, "Mama Tackett, muda wako umekwisha."

"Muda nimeumaliza njiani, mwanangu," alisema. "Sijapiga bado."

Wakazima kipaza sauti. Mwanamke wa miaka sabini na minne aliyeishangilia timu hii tangu utotoni alizimwa kama taa ya chooni, akaendelea kusema kwa sauti yake mwenyewe huku waheshimiwa wakitazama simu zao, wakapiga kura, na uwanja ukabomolewa ili malori yapate pa kuegesha, na mpaka leo sijaona lori pale.

Mama hakukaa kulia. Yeye na Neil walifyeka kiwanja nyuma ya kituo cha zimamoto, na kuanzia kiangazi kilichofuata watoto wa mji huu, wavulana kwa wasichana, wamecheza pale kila Jumamosi, naye akiwafokea kwenye kiti chake.

Novemba 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alifariki nyumbani tarehe 2 Mei 2024, alasiri, redio ikitangaza mchezo wa mbali, na saa chache kabla muuguzi alipomuuliza anashangilia timu gani, alijibu, "Zote hizi za kukodi tu. Lakini besiboli yenyewe haijanikosea."

Jana yaliletwa maua kutoka kwa hao walioihamisha timu, na kadi inayomwita "mshabiki wetu mpendwa, Vera Tackett." Neil aliniuliza tuyaweke wapi. Tumeyarudisha kwa dereva yuleyule, na mwenye neno aje aniambie mimi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulisha wiki nzima, wazimamoto, na wenzake wa kiwandani waliosalia, mliokuja na magongo yenu ya kutembelea.

Pumzika kwa amani, Mama. Verna.