Waya wa Kuzimia

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Nelima mama, funga huo mlango, huko gereji wanapiga nyundo na leo sina nguvu ya kushindana na nyundo. Nicanor, weka chini spana, sitaki kuagana na mtu aliyeshika spana. Mama yenu Wamboi ametutangulia miaka miwili sasa, na haya nilimficha hata yeye. Kama ananisikia huko aliko, atanikaripia nikifika.

Mimi Wamalwa, fundi wa Jasbir Singh hapa Thika kwa miaka ishirini na mmoja, naacha vitu vichache, havitawatosha hata kugombania. Shamba la Kimilili ni lenu wote wawili. Nelima, mtu asikuambie kwamba msichana hana mpaka, mpaka wako ni ule mfereji wa upande wa mtoni, na baba yenu mdogo nimekwisha kumwambia, akanuna, na anune. Cherehani ya mama yenu ni yako pia. Sanduku la spana ni la Nicanor, pamoja na zile ndogo nilizozichonga mwenyewe kwa ajili ya pampu. Mnizike Kimilili kama lori litapatikana, na lisipopatikana, Thika nayo ina udongo. Hayo yamekwisha, wala hayajawahi kuninyima usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni injini. Nicanor unazijua, zile dizeli ndogo za Kijerumani za magari ya abiria. Zilipokuja, watu wa Thika walijua dizeli ya mashine ya kusagia unga na ya malori ya mkonge, basi. Jasbir Singh aliponunua gari la kwanza ili alifanye teksi, mwaka wa hamsini, akina mama sokoni waliuliza nani ameifungia mashine ya unga magurudumu. Nami nilicheka. Halafu nikaifungua ile injini, nikaona vile kila kitu kilivyokaa mahali pake, nikaipenda, nisiwadanganye, nikaipenda kuliko nilivyopenda watu wengi. Mwaka wa hamsini na nne likaja gari la pili, bodi mpya, lakini injini ni ya tumbo moja na ile ya kwanza. Nikawa natamba kwa kila mtu: hizi ni ndugu, kila cha huyu kinamwingia huyu. Mafundi wengine wakawa wananiita Baba Ndugu. Na hilo neno ndugu ndilo lililoua mtu.

Sikilizeni vizuri, maana mtayasema haya mbele ya mtu. Gari la petroli ukichomoa ufunguo, cheche zinakatika, injini inakufa. Dizeli haina cheche. Ukichomoa ufunguo inaendelea kunguruma vilevile, mpaka uvute waya unaokwenda kwenye pampu kuifungia mafuta. Huo ndio waya wa kuzimia. Sasa pampu ya gari jipya iliharibika siku ya Jumanne, na Jasbir alikuwa Nairobi kwenye harusi ya mpwa wake, na Nzomo dereva ana abiria, karani wa shamba la kahawa anayekwenda Ruiru. Nikang'oa pampu ya gari la zamani nikaifunga kwenye jipya. Ikaingia, injini ikawaka, watu wakanipigia makofi. Kitu kimoja tu kilikataa: kile kimkono cha kuzimia kilitazama upande wa pili, waya haukufika. Ulitakiwa waya mrefu zaidi, ambao ungepatikana baada ya siku mbili. Fundi mwenye akili angesema gari halitoki. Lakini watu wamesimama pale wananitazama, nami nimekwisha kusema ni ndugu.

Nikamwambia Nzomo, ukitaka kuzima, tia gia, kanyaga breki, achia klachi ghafla, itaruka kidogo na kufa. Akacheka, yule Mkamba alikuwa mtu wa kucheka sana. Akasema, "Fundi, hii dawa yako ni ya punda." Akaondoka.

Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, mnakumbuka, kizuizi kila daraja. Pale daraja la Ruiru askari wakawasimamisha. Haya aliniambia karani mwenyewe siku ya tatu, kabla ya kuhamishiwa Nakuru. Askari akasema, "Zima gari!" Nzomo akachomoa ufunguo akamwonyesha, kwa heshima, mkono nje ya dirisha, na gari linanguruma tu. Askari akapiga kelele, "Nimesema zima!" Nzomo akafanya kama nilivyomfundisha. Gia, breki, klachi. Gari likaruka mbele hatua moja, likazima. Wakampiga risasi tatu, na ufunguo bado uko mkononi mwake.

Wakaandika alijaribu kutoroka. Hata karani aliamini hivyo, yeye alichoona ni gari kuruka. Dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini liliruka. Mimi na Jasbir, maana gari liliporudishwa alifungua boneti, akatazama waya unaoning'inia, akanitazama mimi. Akafunga waya mwingine kwa mkono wake. Kisha akasema, "Wamalwa, mimi sikuona kitu. Wewe pia hukuona."

Naomba maji. Kidogo tu. Basi.

Mke wa Nzomo, Idah, alikuja hapa. Alisimama hapo mlangoni, na kitambaa cheusi kichwani. Akasema, "Fundi, wewe ulilijua lile gari. Mume wangu hakuwa mtu wa kutoroka. Lilikuwa na kasoro?" Nikamtazama machoni nikamwambia, "Mama, halikuwa na kasoro." Akanishukuru. Mnasikia? Akanishukuru, akaenda zake. Wakamtoa kwenye chumba chake kwa sababu ni mke wa gaidi. Kanisani kwao Machakos walikataa kumwombea Nzomo. Mpaka leo anachuma kahawa Ruiru, na mwanawe anaulizwa na watoto wenzake baba yako alikuwa amebeba nini garini. Miaka mitano. Ruiru si mbali, mimi nimepita pale kila juma kujaribu magari, na sikusimama. Nilikuwa mwoga, hakuna jina lingine.

Mtakwenda kwake. Msimpelekee kuku wala sukari, asije akafikiri mnanunua kitu. Mtamwambia neno moja, kwamba gari lilikuwa na kasoro na Wamalwa alijua. Kisha mtakwenda naye mpaka kanisani kwao mkaliseme huko pia, mbele ya watu, jina langu likitajwa wazi.

Sasa Nicanor, rudia, baba, nilisikie likitoka kinywani mwako. Mama Idah, gari lilikuwa na kasoro. Sema.

Unatazama gereji dirishani. Najua, Jasbir atakufukuza, na una mke, na mtoto yuko njiani, na wakubwa wanaweza kuja kuuliza maswali. Yote ni kweli. Nami nilikuwa na wewe na dada yako, nikanyamaza hivyohivyo, nikitazama dirisha hilohilo. Sikulaani. Spana ni zako bado. Lakini usiniambie utakwenda kama huendi.

Nelima. Wewe sema.

Tena, mama. Sauti juu kidogo.

Ndiyo. Hivyo hivyo. Usiongeze kitu, usinitetee.

Lete kichwa niweke mkono... huu wa kulia, huu ndio bado unasikia. Na wewe Nicanor, njoo, wewe pia ni wangu. Mungu awape... awape mikono safi. Awape watoto watakaowauliza, na mdomo wa kujibu. Mkae pamoja. Mto huo... upande wa mtoni, usisahau, Nicanor, ni wa dada yako.

Basi, Nelima. Vaa viatu. Si kesho. Usingoje kunizika, ukingoja utanifanyia vile nilivyojifanyia mwenyewe. Panda basi la sasa hivi. Mwambie Idah niko hapa, pumzi bado ipo... kidogo. Kama anataka kunitemea mate, aharakishe.