Mishipa ya Jani Inaanzia Wapi: Maisha ya Mama Mdogo Kiwembe

Jina kamili la marehemu mmelisoma kwenye jalada, chini ya picha ambayo yeye mwenyewe aliichukia. Humu ndani nitamwita Kiwembe, kama alivyoitwa nyumbani. Wengi mlidhani aliitwa hivyo kwa sababu ya ulimi. Ulimi ulichangia, sikatai, ila jina lilitokana na viwembe vya kweli, pakiti nzima, alivyotembea navyo kwenye mkoba kwa zaidi ya miaka kumi. Kamati imeniomba nisichekeshe watu. Nitajitahidi.

Kiwembe alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi bomba na mkewe mshonaji. Alizaliwa nyumbani, chumba cha nyuma, na mkunga alilalamika hadi uzeeni kwamba mtaa mzima ulikuwa na maji siku hiyo isipokuwa nyumba ya fundi bomba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, akamaliza sekondari 1998. Siku za likizo alimfuata baba yake kazini kumshikia spana. Akiwa na miaka tisa alimuuliza maji yanapandaje juu ya mti wakati mti hauna pampu. Baba yake aliweka vifaa chini, akakaa juu ya ndoo, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema hajui. Kiwembe alikisimulia kisa hiki mara nyingi. Alisema huyo ndiye mtu mzima wa kwanza kumsikia akisema hajui, na hakuwasikia wengi baada ya hapo. Alipata shahada ya kwanza ya botania mwaka 2003, akafundisha baiolojia sekondari huku akisomea shahada ya pili, aliyoimaliza 2008. Februari 2011 aliacha kufundisha, akaanza utafiti wa uzamivu.

Hapa ndipo ndugu wengi tulipompoteza. Tulijua "anasoma mimea." Mmea wenyewe ulikuwa mdogo kama kidole. Shangazi aliuliza kama unaliwa, akaambiwa hauliwi. Akauliza kama ni dawa. Si dawa. Mjomba akataka kujua kama walau mbuzi wanaupenda, na marehemu akamjibu kwa heshima zote kwamba mbuzi wanaupita. Baada ya hapo mazungumzo yakahamia kwa binamu aliyenunua gari.

Baba yake peke yake ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa. Alimwambia, "Mimi nikifunga maji kwenye nyumba naanzia kwenye tangi. Huo mmea wako ukitoa jani jipya, mabomba yake unaanzia wapi kuyafunga? Juu au chini?"

"Hicho ndicho ninachokitafuta, baba."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili aliyokwenda kuwasalimia wazazi, mzee alimpokea mlangoni na neno moja: "Wapi?"

Kazi yenyewe aliifanya katika chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha, chenye rafu tatu za miche, taa zilizowaka saa kumi na sita kwa siku, feni moja, na stuli iliyopasuka mto. Alichuma jani changa, dogo kuliko chenga ya mchele, akaligandisha ndani ya kipande cha nta. Kwa kiwembe akakata pembe moja ya nta iwe alama ya upande wa juu, maana jani likishazama kwenye nta halina juu wala chini. Kisha mashine ililikata vipande vyembamba kuliko unywele, akavilaza kwenye kioo, akavitia rangi nyekundu, akavitazama kwa hadubini kimoja kimoja. Fundi wa maabara aliondoka kila siku saa kumi na dakika kumi alasiri. Baada ya hapo Kiwembe aliongea na feni.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 2011, na mpima ardhi, mtu mpole aliyekuwa akimfuata maabara Jumamosi na gazeti lake, akakaa kwenye ngazi hadi alimalize lote pamoja na matangazo ya vifo. Hawakujaliwa watoto. Waliachana mwaka 2018 bila ugomvi. Mume alimwambia, "Nimechoka kukusubiri na upo hapa hapa." Marehemu alinisimulia maneno hayo mwenyewe, akaongeza kwamba mwenzake alikuwa mpimaji hodari na kipimo kile hakukikosea. Yupo nasi leo na ameomba asionyeshwe kwa kidole, kwa hiyo naomba shingo zibaki mbele.

Mwaka 2015 jibu lilipatikana. Mishipa ya maji ilionekana kuanzia kwenye ncha ya jani na kushuka, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana kwenye mmea wowote alioujua. Alialikwa kwenda kulieleza kwenye mkutano wa wataalamu wa nchi nyingi. Alimpigia baba yake simu, na mzee akatangazia mtaa.

Aprili 2016, akiwa anaandaa kipande kipya cha nta, Kiwembe alijikuta anaiangalia mikono yake. Ilikata pembe ya alama, kisha ikapunguza nta pembeni ili iingie kwenye mashine, na ile alama ikaanguka pamoja na taka. Halafu mikono ile ile, kwa mazoea, ikakata alama nyingine kwa kukumbuka. Alirudi kwenye daftari lake na kuhesabu. Vipande arobaini na kimoja vilipitia njia hiyo, na jibu lake lote lilikuwa limesimama juu ya hivyo. Kama alikumbuka vibaya, chini imekuwa juu.

Alimweleza msimamizi wake. Msimamizi akauliza nani mwingine anajua. Akasema hakuna.

"Basi hata mimi sijasikia bado. Rudi Jumatatu uniambie umeamua nini."

Hakungoja Jumatatu. Alivitupa vyote arobaini na kimoja, akaandika kujitoa kwenye ule mkutano, akaotesha mbegu upya. Jumapili akaenda nyumbani.

"Baba, lile jibu nimelifuta."

"Ulifunga vibaya?"

"Nilifunga vibaya."

"Basi fungua," alisema mzee, na hakuliongelea tena. Jumapili iliyofuata alimpokea mlangoni kama kawaida.

Mzee alifariki tarehe 2 Septemba 2017, jibu likiwa bado. Toka siku hiyo hakuna aliyemuuliza Kiwembe, "Wapi?" Alikuja kwenye shughuli zetu zote, akakaa karibu na mlango, akaosha vyombo, akaaga mapema ili akaigeuze miche yake. Sisi tulimuuliza, "Bado unasoma tu?" Mimi nimemuuliza hivyo mara tatu ninazozikumbuka. Nilichaguliwa kuandika wasifu huu kwa kuwa niliwahi kusoma diploma ya sayansi hadi nusu, na hata nusu hiyo haikunisaidia kuuliza swali la fundi bomba.

Alianza kuumwa Mei 2023. Agosti iligundulika ni saratani ya ini. Aliimalizia tasnifu yake kitandani, mto mgongoni, akawatuma wauguzi wamchongee penseli, nao wakatii kwa sababu ile sauti mnaijua. Aliiwasilisha tarehe 20 Novemba, na siku ya kuitetea ikapangwa kuwa 12 Machi 2024. Haikumkuta. Ndiyo maana kwenye jalada hamkuona "Dkt." mbele ya jina. Baadhi ya ndugu walilitaka sana. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikataa akisema mdogo wake atafufuka alifute.

Tarehe 30 Januari nilikuwa zamu ya kukaa naye. Nilikuwa namenya chungwa, nikamuuliza, "Mama mdogo, kwani hatimaye ilianzia wapi?"

Alinitazama kwanza aone kama ni utani. Kwa rekodi yangu, alikuwa na haki.

"Katikati," akasema. "Pale jani linaposhikana na shina. Kinatokea kipande kifupi cha mshipa wa maji, peke yake, hakijaungana na kitu chochote. Kisha kinarefuka pande zote mbili, juu na chini, mpaka kinakutana na wenzake."

Nikauliza kama ni jambo jipya.

"Kwenye mimea mingine linajulikana zamani. Kwenye huu hakuna aliyeangalia."

"Kwa hiyo huu uko sawa na mingine."

"Uko sawa na mingine."

"Miaka kumi na miwili, mama mdogo?"

"Kabla ya hapo tulikuwa tunakisia," akasema.

Akanitaka nilirudie jibu. Nikasema unaanzia katikati halafu unapanda. Akasema hapana, pande zote mbili, rudia. Nikarudia mara nne mpaka akaridhika, ndipo akala chungwa.

Kiwembe aliaga dunia Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mama mzazi, dada mmoja, wapwa wawili, mpima ardhi mmoja, fundi wa maabara ambaye tangu Alhamisi anaimwagilia ile miche bila kutumwa, na vipande vya kioo mia sita na kumi na viwili vilivyopangwa kwa namba. Kabla ya leo, waliolijua jibu lake hawakuzidi saba. Sasa mnalijua nyote. Naomba kila mmoja amwambie mtu mmoja, na mkifika kwenye pande zote mbili, msikosee.

Apumzike, Kiwembe wetu, kwa amani yote.