Kitambaa Chini ya Nyuzi: Maisha ya Mdogo Wangu, Mpiga Gitaa

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu umeandikwa mara mbili. Ule wa kwanza niliuchana juzi, na sababu mtaisikia. Mimi ni dada yake mkubwa, na wanaonijua wanajua kwamba simwamini mtu hata akinisalimia vizuri. Hasa akinisalimia vizuri.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1978, akiwa kitinda mimba wa marehemu baba yetu, fundi viatu, na mama yetu, ambaye tunaye hapa. Alianza shule ya msingi mwaka 1985, akaendelea na sekondari, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake: "Yupo darasani, ila hayupo." Mwaka 1993 mjomba alimpa gitaa la umeme lililobabuka rangi, pamoja na spika yake. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate na nililala mchana, na yeye akitoka shule tu anachomeka waya. Mtanisamehe kama sikumpigia makofi.

Alisomea ufundi umeme kuanzia 1996 hadi 1998, akatengeneza majokofu ya watu kwa miaka sita. Mwaka 2004 aliunda bendi ya watu watatu, wapiga roki wasio na kampuni yoyote nyuma yao, na mwaka uliofuata wakarekodi albamu ya kwanza kwa prodyuza aliyeitwa Mzee Vitufe, kwa sababu vidole vyake havikubanduka kwenye mitambo. Studio yake ilikuwa juu ya duka la misumari, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani.

Watu waliisifu sana albamu ile. Walisema gitaa lake linaongea chini chini, kila noti inaguswa na kukatika, kama mtu anayezuia maneno. Mimi nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Kijana ana umeme mzima, iweje asikike kama aliyefunikwa blanketi?

Nikapanda ngazi hadi studio. Mpiga dramu akanieleza kwamba anapiga kwa brashi ili asimzidi marehemu. Nikamshuku. Mpiga besi akasema, "Dada, mimi nashika sauti za chini, yeye namwachia za juu." Huyo nikamshuku zaidi, na tarehe 17 Novemba 2007 akawa wifi yangu, nikazidisha ulinzi. Wifi, nisamehe. Mzee Vitufe nilimwambia usoni, "Umemziba mdomo mdogo wangu." Akatabasamu, akaniletea chai. Sikuinywa.

Albamu tatu zilifuata, zote na sauti ile ile. Mwaka 2021 figo zake zikaanza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na albamu ya mwisho aliirekodi akiwa ameketi. Mwezi Juni mwaka huu, wodini, nilimbana: "Niambie, nani alikuharibia sauti?" Akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. "Dada, achana nayo. Utajilaumu bure." Nikajua anamficha mtu. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, saa tisa alasiri, mkono mmoja nimeushika mimi, wa pili ameushika mkewe. Nikarudi nyumbani nikaandika wasifu wa kumuumbua Mzee Vitufe mbele yenu.

Juzi Mzee Vitufe akaja kurudisha gitaa lile la mjomba, lililobaki studio. Nilimwacha amesimama mlangoni, nikafungua mfuko nikague kama hajalibadilisha. Chini ya nyuzi, pale zinapofungwa, kulikuwa na kitambaa kimebanwa. Nikapiga kelele, "Si nilisema! Ndicho hiki ulichomzibia!"

"Dada, mimi nilikikuta," akasema. "Alikuja nacho siku ya kwanza. Nikamwambia akitoe tusikie gitaa, akakataa. Basi nikasogeza maikrofoni karibu, wenzake wakapunguza kelele. Hiyo ndiyo kazi yote tuliyofanya."

Nikakichomoa. Kilikuwa kipande cha aproni ya kiwandani, kimeshonwa pindo kwa uzi mwekundu. Mshono ni wangu. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia. Ndipo nikakumbuka mchana mmoja wa mwaka 1993, nimevua aproni na kuirusha upande wa pili wa pazia: "Ziba hilo dude, nimetoka kazini!"

Nikauliza, "Hakusema kwa nini?"

"Kila nikimwambia apige kwa nguvu, alijibu hivyo hivyo: 'Siwezi. Kuna mtu amelala.'"

Miaka kumi na tisa nimemtafuta mchawi, kumbe ni mimi. Inaniuma, na inanifariji pia, siwezi kuwadanganya.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja, kaka wawili, mpiga dramu wake, Mzee Vitufe, ambaye chai yake nitainywa leo, na mimi.

Pumzika, mdogo wangu. Sasa wewe ndiye uliyelala. Sisi tutapiga pole pole.