Kope Nyeupe

Jumanne, tarehe kumi na mbili, ndiyo siku mambo yalipomharibikia mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi. Mbuzi wake watatu walikufa kwa mkupuo, wiki moja tu baada ya kunyweshwa dawa ya minyoo.

"Ofisi ya mifugo ilituagiza tuwanyweshe wote, wazima kwa wagonjwa," alimwambia mtu wa maabara, aliyepakata kisanduku cha barafu chenye vinyesi vya mbuzi vya kupimwa.

"Dawa ileile, miaka yote?"

"Ileile, mwanangu. Na ilipopungua nikapima kwa kifuniko cha soda, nusu nusu, kila mmoja apate."

Yule bwana akafumba macho. "Hapo minyoo imeizoea, mama. Siku hizi tunafunua kope za mbuzi, tuone kama minyoo imemnyonya damu. Mwenye kope nyekundu tunamwacha, mwenye nyeupe ndiye anayenyweshwa."

"Mbona hamkuja kutuambia?"

"Ripoti iko mezani kwa wakubwa tangu mwaka juzi."

Meza za wakubwa ni pana, kila kitu hulala pale. Mke wangu naye, hospitalini walimpa vidonge vilevile mara tatu, hadi nikamzika.

Mama alishusha sauti. "Wale tisa waliobaki, asubuhi nimewapangusa macho. Ndani ni peupe kama chokaa. Sina kingine duniani ila hao."

Basi likasimama mbele ya maabara. Bwana akainuka na kisanduku chake. Mama akamshika mkono wa shati.

"Hujaniambia, mwanangu. Kama dawa haiui minyoo tena, leo nikifika nyumbani niwanyweshe nini?"