Bi. Iraida Collazo Anaushuka Mlima wa Radi

Na Marvella Tibbs, Karakana ya Rangi

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Bi. Iraida Collazo wa Karakana ya Majabali atavua kofia yake ngumu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia bustani yetu ya burudani ya Palmera kwa miaka thelathini na mmoja. Wageni hawamjui kwa sura, ila wote wameegemea kazi yake wakipiga picha. Karibu kila jiwe mnaloliona humu ndani, kuanzia maporomoko ya lango la mashariki hadi kilele cha Mlima wa Radi, ni saruji iliyopita mikononi mwake.

Alizaliwa Utuado, milimani Puerto Riko, na ufundi alifundishwa na baba yake, mwashi wa makaburi. Alipokuja kuomba kazi hapa Orlando mwaka 1993, aliulizwa ana uzoefu gani wa burudani. Akajibu kwamba wateja wake wa zamani hawajawahi kulalamika. Aliajiriwa hapo hapo.

Mimi nilimkuta mwaka 1998. Siku ya kwanza nililipaka jabali lake moja rangi ya kijivu kitupu, nikarudi nyuma kujisifu. Akaja, akasimama kando yangu.

"Mwanangu, umewahi kuona jiwe?"

"Nimeona, Bi. Iraida."

"Wapi, kwenye kalamu ya risasi?"

Akanishika mkono, akanipeleka mpaka chini ya daraja la bustani, akanionyesha jiwe halisi: lina kijani, lina zambarau, lina kutu, lina kinyesi cha ndege. Tangu siku hiyo sijapaka kitu kijivu.

Vijana mlioingia juzi labda mnadhani ushindani wetu na Mirabel, bustani ya jirani, ulianza na filamu. Hapana. Zamani tulishindana kwa urefu tu. Wakijenga treni ya mteremko ndefu, sisi tunajenga ndefu zaidi, mpaka ikawa wageni wanatapika pande zote mbili na hakuna anayejua nani kashinda. Mambo yaligeuka mwaka 2001, Mirabel walipopata haki za filamu za "Ufalme wa Kilindini". Watoto wa nchi nzima walikuwa wamezikariri neno kwa neno. Mtoto hataki tena treni ndefu. Anataka kuingia ndani ya filamu, amguse farasi wa baharini, anunuliwe taji la matumbawe.

Jumamosi walipoufungua Ufalme wao wa Kilindini, tulisimama getini na sare zilizopigwa pasi, tukatazama magari ya barabara kuu ya I-4 yakitupita na kukatia kwa Mirabel. Kwao foleni ilifika kwenye maegesho. Kwetu bata walivuka njia kuu bila haraka yoyote. Kabla ya Krismasi, theluthi moja ya karakana yetu ilikuwa imepunguzwa kazini.

Na hapa niwataje watu wawili kwa pamoja, maana hawatenganishiki. Msimamizi wa majabali wa Mirabel, yule aliyechonga mapango yote ya Ufalme wa Kilindini, alikuwa Bw. Efraín Collazo. Ndiyo. Mume wake.

Bi. Iraida alikata tiketi kama mgeni, akavaa miwani ya jua, akaenda kuyaona. Alirudi amevimba.

"Mazuri, Marvella! Mapango ya yule shetani ni mazuri!"

"Sasa utamwambia nini?"

"Nitampikia, atakula, atashiba. Halafu nitamwambia yanavuja."

Nyumbani kwao Kissimmee kulikuwa na sheria moja: habari za kazini zinaishia mlangoni. Nimekula pale wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe ya kuoka Jumapili nyingi, na sikuwahi kusikia siri ikimponyoka mmoja wao. Siku moja nilimchokoza Efraín. "Shemeji, mnajenga nini nyuma ya ule uzio wa kijani?"

"Choo," akasema, akaongeza mbaazi.

Kilikuwa kisiwa kizima chenye volkano.

Mwaka 2009 zamu yetu ikafika. Bw. Lyle Hutchens, aliyekuwa mkurugenzi wa ujenzi, alitukusanya karakanani, akafunga mlango, akatuambia kwamba Palmera imepata haki za "Wawindaji wa Radi". Sijui niwaelezeje. Watu wazima tulirukaruka kama tumeshinda bahati nasibu. Filamu nne zilikwishatoka, ya tano ilikuwa njiani, na kila mtoto wa Florida alikuwa na fimbo ya plastiki ya kukamatia radi. Tungejenga mlima wenyewe, na juu kabisa, pale treni inapogeuka na kudondoka gizani, tungeweka kiota cha Ndege wa Tufani, ambacho hakikuwa kimeonekana katika filamu yoyote. Kingeonekana kwetu kwanza.

"Mkimwambia hata paka," Bw. Hutchens alisema, "hamna kazi."

Bi. Iraida alipewa mlima. Aliufanyia kazi kama mtu anayedai deni. Alfajiri alikuwa tayari juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi, akichonga nyufa kabla saruji haijakauka, akiwapigia kelele wanaochanganya: "Nzito! Nzito zaidi! Mlima hautengenezwi na supu!" Mchana radi za kweli zilipokuja, tuliteremka wote tukakaa kwenye kontena, naye akabaki mlangoni akitazama jinsi mvua inavyotiririka kwenye kuta zake, aone rangi ya maji itashuka wapi.

Majira ya baridi yalipoanza, picha ya kiota ikatokea kwenye tovuti ya mashabiki. Kiota chetu! Ndege, mayai, na radi iliyojikunja kama nyoka. Picha ilikuwa na ukungu, imekatwa vibaya, kona moja ina doa la njano lisiloeleweka. Lakini ilikuwa yenyewe, na wenye filamu walikasirika mno. Wakatishia kuchukua haki zao na kuwapa wengine. Kila mtu alijua wengine hao ni nani.

Waliowahi kuingia kwenye chumba cha mifano, kilimotunzwa mchoro wa kiota, tulikuwa wachache, na mmoja wetu tu ndiye aliyelala nyumba moja na msimamizi wa Mirabel. Bw. Hutchens akamwita Bi. Iraida. Nilikuwepo, kwa kuwa nami, msimamizi wa rangi, niliitwa pia.

"Mezani mnazungumza nini na mumeo?" akamuuliza.

"Tunagombania chumvi."

"Sitanii, Iraida."

"Hata mimi sitanii. Ana shinikizo la damu."

Akaambiwa aache kitambulisho, akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alikiweka mezani taratibu. Alipofika mlangoni akageuka akasema saruji ya upande wa kaskazini isiguswe mpaka Jumatatu, halafu akaondoka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitembea ndani ya bustani hii bila kumsalimia mtu.

Nilikwenda kwao jioni ile. Efraín alikuwa amesimama jikoni, koti bado mwilini.

"Kesho naacha kazi Mirabel," alisema. "Basi. Hawatakuwa na la kusema."

"Ukiacha, ndiyo watasema ni kweli," Bi. Iraida akamjibu. "Watasema umelipwa ukaondoka. Kaa hapo hapo ulipo."

"Wanakuita mwizi kwa sababu yangu."

"Wananiita mwizi kwa sababu ni wajinga. Wewe umeingiaje hapo? Vua koti, ule."

Efraín alikula peke yake. Bi. Iraida alikaa akiipangusa meza iliyokuwa safi.

Huku mlimani tuliendelea bila yeye, na wenye kumbukumbu watakubaliana nami kwamba ilikuwa aibu. Kiota tulikichonga, tukakibomoa, tukakichonga tena. Kikafanana na mkate ulioungua. Na habari zikaja kwamba Mirabel wamewahisha ufunguzi wa sehemu yao ya pili ya Ufalme wa Kilindini, uangukie Jumamosi ile ile ya kwetu, mwishoni mwa Mei. Siku moja, barabara moja, bustani mbili. Wiki zikawa zinayeyuka.

Kilichotuokoa ni sherehe ya kuzaliwa ya mpwa wangu. Niliingia duka la vifaa vya watoto pale Kissimmee kutafuta fimbo ya radi, na rafuni nikakuta boksi jipya, la njano, Ndege wa Tufani wa plastiki ndani. Nikaligeuza. Nyuma ya boksi: kiota chetu. Ndege, mayai, radi iliyojikunja. Picha ile ile, na kando yake rangi ya njano ya boksi lenyewe, ndilo lile doa la kwenye kona.

Nilipiga ukelele dukani. Mwenye duka akadhani nimeumwa na kitu.

Baadaye ilifahamika kwamba wenye filamu waliwapa michoro watengenezaji wa midoli mapema, nao wakayapeleka maboksi madukani kabla ya wakati wake. Shabiki mmoja alipita, akapiga picha, akairusha mtandaoni. Palmera haikuvujisha kitu, wala Collazo yeyote hakuvujisha kitu. Nililiweka boksi mbele ya Bw. Hutchens bila kuketi. Alilitazama mbele, akalitazama nyuma, akavua miwani.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemfanya nini yule mama."

Kwa heshima yake niseme kwamba hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe. Bi. Iraida alimfungulia, akamsikiliza, akamwambia akae ale kwanza kwa sababu mtu haombi radhi na njaa. Alipomaliza akampa masharti. Atarudi, lakini aombwe radhi mbele ya wenzake, palepale mlimani. Na jina la mume wake lisitajwe tena katika ofisi yoyote ya Palmera.

Bw. Hutchens aliyafanya yote mawili. Alisimama chini ya mlima, sote tumemzunguka na kofia zetu, akasema maneno yake kwa sauti ya kusikika hadi juu ya jukwaa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Bi. Iraida akampa mkono, akapanda ngazi, akafika kileleni. Kisha sauti ikashuka:

"Nani amemwaga uji hapa?"

Alikuwa amerudi!

Kiota kilibomolewa mchana ule ule. Majuma kama yale yaliyofuata sijawahi kuyaona tena maishani mwangu: watu wakila wamesimama, rangi ikipakwa mahali saruji ilipotoka kukauka, mafundi wa treni wakijaribu magari matupu juu ya vichwa vyetu na sisi tukiinama bila kuacha brashi. Siku moja kabla ya ufunguzi, Bi. Iraida alichonga unyoya wa mwisho wa ndege kwa kijiko cha chai, akakilamba kijiko pembeni kwa mzaha, akatema, akasema tayari.

Jumamosi geti lilipofunguliwa, watu walikimbia. Walikimbia, jamani! Akina baba na watoto mabegani, mabibi wenye fimbo za kukamatia radi, vijana waliojipaka nyuso buluu. Foleni ikajizungusha ziwa, ikatoka nje, ikafika barabarani. Treni ya kwanza ilipopita kiotani tulisikia mayowe yakianza, yakikatika, kisha yakirudi makubwa mara mbili. Bi. Iraida alikuwa amekaa kwenye benchi mkabala na njia ya kutokea, akitazama sura za watu wanaoteremka. Mchana simu yake ikalia. Efraín, akiwa Mirabel kwenye ufunguzi wao.

"Kwenu vipi?" nikamsikia Efraín akiuliza.

"Siwezi kukuambia. Kwenu je?"

"Hata mimi siwezi."

Wakacheka wote wawili mpaka nikaona machozi yakimtoka Bi. Iraida chini ya miwani.

Nani alishinda? Kila upande una jibu lake. Ninachojua ni kwamba wiki ile hapakuwa na chumba cha hoteli kilicho wazi kutoka hapa hadi Tampa, na wenzetu waliopunguzwa mwaka 2001 waliitwa kazini tena, wengine huku, wengine kule.

Baada ya hapo Bi. Iraida alijenga mengi: bonde la mamba, minara ya mchanga, na mlango wa barafu ambao wageni wa Januari huugusa na kudai ni baridi. Amewafundisha vijana wengi, na baadhi wamehamia Mirabel. Hakuwahi kuwanunia. Aliwaagiza tu wamsalimie msimamizi wao na kumwambia asisahau dawa.

Efraín alistaafu mwaka jana. Basi mwezi uliopita Bi. Noreen Castellaw, mkurugenzi wetu wa sasa, alipomuuliza Bi. Iraida anataka zawadi gani, hakutaka saa wala safari ya meli. Aliomba mume wake aruhusiwe kuingia nyuma ya uzio, aone ukuta wake wa mwisho, katika ule mradi mpya ambao nyote mnaujua na ambao siruhusiwi kuutaja hapa. Hakuna mtu wa Mirabel aliyewahi kupita uzio wa Palmera kabla ya ufunguzi. Bi. Castellaw alifikiri kidogo, akasema aletwe.

Alikuja na shati lake zuri. Aliutembea ukuta wote polepole, kiganja juu ya jiwe, akainama, akachungulia nyufa, akarudi mwanzo, akautembea tena. Bi. Iraida alimfuata nyuma bila kusema neno, jambo ambalo karakana nzima ilikuja kulishuhudia. Hatimaye Efraín akasimama, akavua kofia.

"Iraida," akasema, "hapa mmetupiga."

Yule mama alipiga kigelegele hata mafundi umeme wakateremka mbio kwenye jukwaa wakidhani kuna ajali. Kisha akamkumbatia mumewe na vumbi lake lote, shati zuri likaharibika.

Bi. Iraida, ahsante kwa kila jiwe, kila kelele na kila sahani ya mbaazi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na mume asiyeongeza chumvi. Ukuta wako utafunguliwa, na watu watakimbia. Njoo ukae kwenye benchi uwatazame. Geti letu halitakudai tiketi kamwe.