Mafuta ya Korosho Niliyomimina kwenye Aluminiamu

Mlioketi na mliosimama mlangoni, nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjasema. Mama mwenyekiti wa kikundi hiki chetu cha walioacha pombe aliniambia niandike kwanza, kwa sababu ananijua: nikiachiwa mdomo naanzia kwa babu yangu, na nikifika kwangu mwenyewe watu wameshakwenda kulala. Basi nimeandika. Nimesoma hadi darasa la nne, mtanivumilia. Na majina ya watu sitayataja.

Jicho hili la kushoto mnaliona halipo. Wengi wenu mnajua liliharibika kazini. Kilichoniharibu mimi hamkijui, na ndicho nilichokuja kukisema.

Zamani nilifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha korosho, upande wa kukaanga. Zikaja zile siku za kuambiwa sasa soko ni huria, kila mtu ajitafutie, na kiwanda kikafungwa. Nikarudi kwetu Mnyambe, kule juu mlimani, kulima. Nilichoondoka nacho pale ni galoni moja ya mafuta ya maganda, yale meusi, ya kupaka nguzo za nyumba ili mchwa wasizile. Kwa mgeni niseme: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi kama moto. Mtoto wa huku akibangua korosho mbichi kwa meno, mama yake hana haja ya kumuuliza, anatazama midomo tu. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa ajili ya midomo hiyo mara tatu, na mara ya tatu nilisingiziwa, lakini tuyaache hayo.

Soko huria lilifunga kiwanda, halafu likafungua maduka. Kila mwenye chumba akafungua duka, na kila duka likataka kibao. Tajiri mmoja wa Masasi akaenda Dar, akarudi na mashine ya mtumba, kubwa, imefungwa kwa kamba juu ya lori. Ilikuwa meza pana ya chuma, juu yake kichwa chenye kisu kinachozunguka, na pembeni kompyuta. Unachora herufi kwenye kompyuta, kisha kichwa kinatembea chenyewe juu ya meza na kuikata. Ilitengenezwa kwa ajili ya mbao. Wateja hawakutaka mbao. Walitaka herufi za aluminiamu, zinazong'aa.

Tuliajiriwa wawili. Mimi, na Mmakua mmoja wa Chiungutwa. Mimi Mmakonde, kwa hiyo alikuwa mtani wangu, na mnajua utani wetu ulivyo: sisi tunataniwa kwa kula panya. Siku ya kwanza aliniangalia akasema, "Tajiri, mashine hii inakula panya? Maana huyu atakuja nao kwenye mfuko."

Nikamwambia, "Nitakuja nao wawili, na wewe hutakula hata mkia."

Yeye alishika kompyuta, maana alisoma kidogo. Mimi nilifunga bamba la aluminiamu mezani, nikasimamia kisu. Fundi wa kutoka Dar alitufundisha wiki tatu. Alisema mbao ina huruma, aluminiamu haina. Kisu lazima kiiume aluminiamu, kisisugue. Kikisugua, aluminiamu inapata joto, inalainika, inaganda kwenye meno ya kisu, na kisu kisicho na meno kinavunjika. Kwa hiyo unakata kidogo kidogo, unaondoa chenga kila wakati, na unadondoshea mafuta ya taa pale kisu kinapokula. Mafuta ya taa, akarudia, si kitu kingine. Nilimsikia vizuri. Siwezi kusema sikusikia.

Masika moja barabara ilikatika, na mafuta ya taa yakaisha Masasi nzima. Tulikuwa na kazi ya kibao cha duka kubwa, siku ya ufunguzi imeshatangazwa. Ilikuwa Ijumaa, mtani wangu amekwenda msikitini. Aliacha kompyuta imepangwa, akaniambia, "Usiwashe mpaka nirudi na mafuta. Kuna mama mmoja sokoni amenifichia chupa." Akaondoka.

Mimi nikamtazama tajiri anavyozunguka uani na saa yake mkononi. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta. Yanateleza. Kwenye kiwanda korosho ziliogelea humo. Nikaenda chumbani nilikopanga kuchukua ile galoni, niliyokuja nayo Masasi kwa ajili ya mchwa, nikamimina, nikawasha.

Ndugu zangu, nawaambia, herufi mbili za kwanza zilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kama ya kwanza ingeharibika, ningezima. Herufi ya tatu mafuta yakapata moto, yakaanza kuwa mazito kama ulimbo wa kunasia ndege. Chenga zikanasa humo, kisu kikavaa donge. Nikasikia mlio unabadilika. Badala ya kuzima, niliinama nitazame. Kisu kikakatika, kipande kikaja kwenye jicho, na mafuta ya moto yakanirukia mkononi.

Mtani wangu alinikuta nimelala chini. Alinibeba yeye. Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa mfukoni mwake, nilikuwa naisikia inagonga ubavu wangu njia nzima.

Hospitalini jicho likatolewa. Siku ya tatu tajiri akaja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasema kichwa cha mashine kimeungua. Akaniuliza, "Ilikuwaje?"

Nikasema, "Alipanga spidi vibaya."

Maneno matatu tu, wala hayakunitoa jasho. Tajiri aliinamisha kichwa. Mtani wangu alifukuzwa siku ileile, na Masasi nzima wakajua kuwa Mmakua wa kompyuta amemtoa mwenzake jicho. Hakuna aliyempa kazi ya mashine tena. Alirudi Chiungutwa kupalilia mikorosho ya watu.

Mimi nilipewa pole. Watu waliniletea kuku na ming'oko, vile viazi vya porini. Kila aliyeniambia "pole, mzee, kwa yale uliyotendewa" alikuwa kama ananimwagia yale mafuta upya. Nikaanza kunywa. Msimu wa mabibo nilikunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, uraka ukiisha nikahamia nipa, gongo lake. Miaka minne. Mke wangu alisema, "Baba nanihii, jicho moja linakutosha kuona unakokwenda." Nikaenda kunywa. Alifikiri nalilia jicho.

Mwaka wa nne mama yangu akafa, Mnyambe. Na mnajua, msiba wetu bila watani haujakamilika. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, kaburi linachimbwa, nikaona mtu anasukuma baiskeli anaingia uwanjani, jasho linamtiririka. Ni yeye. Kutoka Chiungutwa, mlima wote ule.

Sikuwa nimemwona tangu hospitali. Nikajua amekuja kunipiga, na niliona ni haki yake. Lakini hakuja kwangu. Alikwenda kwa wanawake waliokuwa wakipika, akanyang'anya kitambaa, akakifunga kwenye jicho lake la kushoto. Akachukua kata ya maji, akapiga magoti mbele ya jiwe la kunolea jembe.

"Mimi ni Mmakonde fundi," akasema kwa sauti yangu, hasa sauti yangu. "Mafuta ya taa hakuna. Ya nini? Ninayo ya korosho." Akamimina maji juu ya jiwe, akafanya mlio wa mashine, grrr, grrr, halafu mlio wa kisu kukatika, alioubuni mwenyewe. Akaanguka chali, akashika jicho. "Nani kafanya? Mmakua kafanya! Spidi! Spidi!"

Watu walicheka mpaka mjomba wangu akajifuta machozi kwa kanzu. Mtani msibani husema atakalo, na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Wote walidhani ni mzaha.

Mimi peke yangu nilijua kuwa amejua, tangu siku ile ya kwanza. Alinibeba, shati langu linanuka mafuta yale. Ulimbo aliuona kwenye kisu. Miaka minne alinyamaza, maana nani angemwamini mwenye macho mawili dhidi ya mwenye moja?

Nikasimama. Nilikuwa nimeshakunywa asubuhi, sitaficha. Nikasema, "Huo si utani. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilimimina. Nikamsingizia."

Vicheko vikakatika. Mjomba akasema, "Kaa chini, umelewa." Nikasema, "Nimelewa, na ni kweli."

Mtani wangu akafungua kitambaa taratibu, akakikung'uta vumbi. Akasema, "Tumzike mama kwanza. Kesho utayasema hayo kwa tajiri. Na usiongeze mbwembwe."

Kesho yake tulishuka Masasi. Tajiri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwenzangu, akamwambia pole, na akamwomba arudi. Kichwa cha mashine kilikuwa kimebadilishwa zamani, lakini hakuna aliyethubutu kukata aluminiamu, walikata mbao tu.

Mtani wangu akasema, "Narudi. Lakini huyu naye aje, awe chini yangu."

Tajiri akashangaa. "Huyu? Wa nini?"

"Yeye ndiye anayeujua mlio wa kisu kinapokaribia kuvunjika. Mimi siku ile nilikuwa msikitini."

Basi nikawa msaidizi wake. Nilifagia chenga, nilidondoshea mafuta ya taa kwa kikopo kidogo, na nilisikiliza. Nikija nanuka nipa alinielekeza mlango: "Leo kaa nje na mbuzi." Nilikaa uani na mbuzi wa tajiri siku nyingi, ndugu zangu. Niliacha, nikarudia, nikaacha, nikarudia, nikaacha. Kuacha hakukuja kwa siku moja kama wengine mnavyosimulia hapa. Kulikuja kwa kuchoka. Nilichoka kuwatazama wale mbuzi wakati ndani naisikia mashine inakata vizuri bila mimi.

Namshukuru mke wangu, ambaye hata alipousikia ukweli aliendelea kunipikia. Namshukuru muuguzi mmoja wa hospitalini aliyenisafisha kidonda bila kuziba pua. Nawashukuru ninyi kwa kunipokea hapa mara ya tatu kana kwamba ni ya kwanza.

Fundisho langu ni dogo. Pombe haikuwa ugonjwa wangu, ilikuwa kifuniko. Kama una kifuniko, angalia ulichofunika. Na kama uliyemkosea bado anaweza kukutania, mshukuru Mungu, nenda kwake upesi.

Heshima ya yule bwana niliirudisha. Miaka yake minne sijairudisha, wala haitarudi. Juzi nilimuuliza nifanye nini na hiyo miaka. Alikuwa anafunga bamba mezani, hakuinua hata kichwa.

Akasema, "Kawaambie wale ambao hawakuwepo msibani."

Ndiyo maana nimekuja.