Manemane ya Bundala

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la fundi baiskeli pale Dutwa, kahawa ilipoa vikombeni kwa sababu ya goti la Bundala. Goti hilo lilikuwa likimtesa kwa mwaka wa tatu, na msimu wa kuchuma pamba ulikuwa umekaribia. Lakini leo mzee alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kupona. Mkononi alishika kijiti kisicho na jani, kimeviringishwa nailoni. Kilikuwa kimoja kati ya kumi na viwili alivyopewa juzi na mchuuzi mmoja mgeni, na kwa malipo Bundala akamkabidhi mtamba wake wa pekee.

— Manemane hii, alisema. Napanda nyumbani, nakinga utomvu, napaka. Nasahau kama nina goti.

— Ndiyo maana mamajusi walimpelekea Mtoto Yesu, alidakia Athanasi, ambaye kwa kufundisha dini walimwita Katekista. Yosefu alikuwa anaumwa mgongo. Safari ile unadhani mchezo?

— Biblia imesema mgongo? aliuliza Bundala.

— Haijasema. Lakini we fikiria mwenyewe.

Maige aliguna. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, jina lake lilikuwa Soko Huria.

— Nyie mnawaza migongo. Mwakani makampuni yanakuja na mizani kugombania utomvu. Mimi pamba nang'oa. Wazungu wanaishi ghorofani, ngazi zimewamaliza magoti. Mzigo utaondoka kwa ndege, uwanja wanajenga Kasoli.

— Kwa nini Kasoli? Dutwa tumekosa nini? aliuliza Athanasi, na alikuwa amekasirika kweli.

Bundala alicheka. Moyoni alishajiona shambani, akichuma mstari mzima bila kukaa chini.

Hapo akafika Nyanda, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Nkololo, anasukuma baiskeli yenye pancha.

— Mwangaluka, wazee.

— Mwangaluka, baba.

Alikiomba kijiti, akakivua nailoni, akakwangua gome kwa ukucha na kunusa.

— Samahani, mzee. Zizi lako la ng'ombe umelizungushia mti gani?

Katekista alitazama ndani ya kikombe. Soko Huria alianza kukagua tairi ambalo si lake. Mazizi yote ya huko yalizungushiwa vijiti vya mti huohuo. Baba zao walivichomeka, vikachipua, na tangu hapo vilikuwa vikivuja utomvu hadi kunata kwenye mikia ya ndama.

Goti la Bundala lilianza kumuuma upya. Juzi, alipokuwa anampeleka mtamba kwa mchuuzi, fimbo ya kumswagia aliivunja kutoka uzio wa zizi lake mwenyewe.